Kisanduku na Fagio: Mji Wetu, Taka Zetu na Miaka Kumi ya Kikundi



  

Katika kitabu hiki wengine wameeleza habari za hisa, mikopo na mahesabu. Sisi tumepewa kazi ya kuandika historia ya usafi katika mji wetu. Pengine mtu atauliza, kikundi cha kuweka na kukopa kinahusika nini na taka? Jibu ni kwamba kinahusika sana. Wengi wetu ni mamalishe, wakaanga samaki wa Feri, wauza mboga na wauza vitambaa vya Kariakoo. Mtaro ukiziba, biashara inafungwa. Biashara ikifungwa, rejesho halipatikani. Rejesho lisipopatikana, kisanduku kinabaki kitupu. Kwa hiyo uchafu kwetu ni deni, tena deni lenye riba.

Na safari hii tunaandika tukiwa na jambo la kuamua. Mkutano mkuu unakuja, na kuna hoja mezani kwamba Mfuko wa Usafi uvunjwe na fedha zake zigawanywe. Kila mwanachama ana haki ya kusema lake. Lakini kabla ya kunyoosha mkono, tuangalie kwanza tumetoka wapi.

MJI ULIVYOANZA

Wazee wetu walisema mahali hapa paliitwa Mzizima, na wakasema maana yake ni mji wenye afya. Palikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Unguja akaanza kujenga mji wake hapa karibu na bandari, akauita Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1870 kabla hajaumaliza. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo. Waingereza wakauteka mji mwaka 1916.

Sasa sikilizeni jinsi usafi ulivyotumika. Katika miaka ya 1920 Waingereza waliugawa mji kwa kanda tatu. Ya kwanza, kando ya bahari, iliitwa Uzunguni. Ya pili ya maduka iliitwa Uhindini. Ya tatu ilikuwa Kariakoo, ya Waafrika. Kati ya Kariakoo na kule mjini wakaacha uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja tunaoujua. Sababu waliyoitoa ilikuwa afya, ati maradhi yasivuke. Lakini maji, mitaro, taa na gari la taka vilianza Uzunguni, na Kariakoo ikaja mwisho. Yaani mtu ananyimwa fagio, halafu anaitwa mchafu.

Hata jina la Kariakoo lina majonzi. Linatokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, kile kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wapagazi wengi sana walikufa katika vita ile, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kwa hiyo tunakaa na kufanya biashara mahali palipopewa jina na watu waliobeba mizigo ya wengine. Tusikubali kuendelea kubeba na uchafu wa wengine. Lakini na sisi tusimbebeshe jirani uchafu wetu.

Hapo jirani tu kuna kata ya Mchafukoge. Wageni wakisikia wanacheka. Sisi tunasema jina lile ni wosia mzuri: mchafu, akoge. Haikusemwa afukuzwe.

MAMA ZETU WALIVYOJIPANGA

Watu wanadhani vikundi vya akina mama vimeletwa na wafadhili. Si kweli. Mama zetu hapa Kariakoo walikuwa na vikundi vya lelemama na ngoma nyingine, walikuwa na upatu, walikuwa wanazikana na kuozana. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 wanawake walikuwa wachache ndani yake. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed akawa kiongozi wa akina mama wa TANU. Alikwenda kwenye vikundi vile vile vya ngoma. Hakuanza na watu wapya, alianza na watu waliokuwa tayari wanaaminiana. Kwa muda mfupi maelfu ya wanawake wakakata kadi. Hilo ni somo la kwanza katika historia hii: ukitaka kazi kubwa ifanyike, nenda walipo watu waliozoea kuwajibishana.

Baada ya Uhuru serikali nayo ilitumia njia hiyo. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, halafu wakajadiliana na kuamua kazi ya kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Wengine wetu tulikuwa bado tunabebwa mgongoni. Watu wazima kama milioni mbili nchi nzima walishiriki. Haikuwa hotuba peke yake. Kila kipindi kiliisha kwa swali: basi, sisi hapa tutafanya nini?

Lakini wakati huo huo chombo cha kuhudumia miji kilikuwa kinalegea. Toka mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, mabaraza ya miji yalivunjwa, na hapa Dar es Salaam halmashauri ya jiji nayo ikaondoka. Magari ya taka yakachakaa, mitaro ikaota majani. Mwaka 1977 na 1978 kipindupindu kikaingia nchini kwa nguvu. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa. Somo la pili ni hilo: wananchi peke yao hawatoshi, na serikali peke yake haitoshi. Mkono mmoja haujipigii makofi.

TAKA ZILIPOTUSHINDA

Mji nao ulikuwa unakua. Mwaka 1967 tulikuwa watu kama 270,000 tu jijini. Sensa ya 1988 ilihesabu mkoa wetu watu 1,360,850. Ya 2012 ikahesabu 4,364,541, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Kila mmoja anakula, na kila anayekula anaacha maganda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hali ilikuwa mbaya mno. Kwenye mwaka 1992 taka zilizokuwa zinazolewa na jiji zilikuwa chini ya asilimia 5 ya taka zote. Yaani katika ndoo ishirini, hata moja kamili haifiki dampo. Nyingine zote zilichomwa uani, zikafukiwa, zikatupwa mtaroni au zikaachwa zioze njiani. Sisi tuliokuwa wasichana wakati ule tunakumbuka marundo ya Kariakoo, mtu anapita amefunga pua kwa khanga.

Hapa lazima tuwataje wakazi wa Tabata, maana walitufundisha jambo kubwa. Taka chache zilizozolewa zilikuwa zinamwagwa kwao. Moshi usiku na mchana, harufu, nzi, watoto wanakohoa. Mwaka 1988 wakaamua kwenda Mahakama Kuu kuishitaki halmashauri ya jiji. Watu wa kawaida kabisa! Wakashinda. Halmashauri ikawa inaomba kuongezewa muda, muda, muda. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa. Alisema haki ya kuishi imo katika Katiba, na kwamba ni ajabu chombo cha umma kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuhatarisha maisha ya watu. Dampo la Tabata likafungwa.

Lakini msifikiri taka zilipotea. Zilihamia Vingunguti. Vingunguti nao wakapiga kelele, zikaenda Mtoni. Baada ya Mtoni zikapelekwa Pugu Kinyamwezi, mbali nje ya mji. Na kule Pugu nako kuna akina mama kama sisi, wana watoto na wana sufuria jikoni. Ndiyo maana katika kikundi chetu tumezoea kusema hakuna kutupa taka, kuna kuhamisha tu. Njia ya kuwaonea huruma wenzetu wa Pugu ni kupunguza kinachokwenda kwao.

KAMPUNI, TUME NA ADA YA TAKA

Mwaka 1992 ulianza Mradi wa Dar es Salaam Endelevu, kwa ushirikiano wa jiji na Umoja wa Mataifa. Watu wa idara mbalimbali, wafanyabiashara na wakazi walikaa meza moja. Likatoka wazo la kuwapa watu binafsi kazi ya kuzoa taka. Mwaka 1994 kampuni moja ilianza na kata za katikati ya mji, na Kariakoo ikiwamo. Kila nyumba na kila duka likatakiwa kulipa ada.

Ugomvi ulianza pale pale. Mkazi anasema, sijaona gari, silipi. Mwenye gari anasema, sijalipwa, sina mafuta, siji. Huyu anamngoja yule na yule anamngoja huyu, taka katikati zinaoza. Mpaka leo ugomvi wa usafi wa mji, ukiuchuja, unabaki huo tu. Si kwamba watu wanapenda uchafu. Ni kwamba hakuna anayeamini mwenzake kutangulia.

Mwaka 1996 serikali ikavunja halmashauri ya jiji, ikaweka Tume ya Jiji chini ya Bwana Charles Keenja, mpaka mwaka 2000. Watu wengi wa rika letu wanaikumbuka kwa barabara na usafi. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 kazi ya taka ikapanuliwa kwa kampuni nyingi zaidi na pia kwa vikundi vya wakazi. Vikundi vya wanawake na vijana vikapewa mitaa, wakafagia, wakasukuma matoroli, wakajipatia riziki. Kwa mara ya kwanza mtu anayekuja kudai ada alikuwa ni mtu wa mtaani, unamjua mama yake. Hapo malipo yakaanza kuwa mepesi kidogo.

Baadaye ikaja Manispaa ya Ilala, na mwaka 2021 Ilala ikafanywa ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Majina yamebadilika mara nyingi. Taka hazijui majina.

KIKUNDI CHETU KINAINGIA

Sisi tulianza mwaka 2015. Mfumo wetu ni huu wa vikoba. Wakufunzi walitueleza kwamba ulianzia nchi ya Niger mwaka 1991 kwa akina mama wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE. Kisanduku kina kufuli tatu na funguo tatu, kila ufunguo kwa mama mwingine. Hesabu inasomwa mbele ya wote. Hakuna siri.

Mwaka huo huo wa 2015, mwezi Agosti, kipindupindu kikalipuka Dar es Salaam. Wanaokumbuka wanajua. Kipindupindu hakitokani na upepo wala uchawi. Kinatokana na vimelea vilivyomo katika kinyesi cha mgonjwa, vinavyoingia katika maji ya kunywa au chakula. Taka zinaziba mtaro, maji yanajaa, chemba na vyoo vinatapika, maji yale yanaingia visimani na kwenye ndoo zetu. Ndiyo njia yake.

Basi uuzaji wa chakula cha wazi ukazuiwa. Mama lishe akafunga meko. Mkaanga samaki akakaa na samaki wake. Kikundi kilikuwa bado kichanga, mikopo ya kwanza ndiyo imetoka. Wiki ya kwanza wenzetu watatu hawakuleta rejesho. Wiki ya tatu walikuwa wengi. Wapo waliosema tuwakamatie vyombo kama katiba yetu inavyosema. Kikao kilikuwa kigumu, watu walilia. Mwisho tulikubaliana kuwasogezea muda bila faini. Tulitambua kwamba aliyewafilisi wale wenzetu si uvivu, ni mtaro. Na mtaro ule ni wetu sote.

Tarehe 9 Desemba 2015 Rais John Magufuli aliahirisha sherehe za Uhuru akataka siku ile iwe ya usafi nchi nzima. Yeye mwenyewe alitoka Ikulu, akaja hapa hapa Feri, akaokota taka kwa mikono yake. Sisi tulikuwepo na mafagio yetu. Ilikuwa siku ya furaha, na mitaa iling'aa. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi iwe ya usafi, karibu sawa na wenzetu wa Rwanda wanavyofanya katika umuganda wao.

Lakini tuseme ukweli. Siku moja ya kuokota haisafishi siku thelathini za kutupa. Jumamosi tunafagia, Jumatatu mtaro umejaa. Na zile taka za Jumamosi zikikusanywa pembeni zisizolewe, mvua ikinyesha zinarudi zilikotoka. Ndipo tulipokaa na kujiuliza swali la Mtu ni Afya: basi, sisi hapa tutafanya nini?

MFUKO WA USAFI

Tuliamua kila mwanachama aongeze shilingi 500 kila wiki kwenye mfuko wa pekee. Fedha hiyo haikopeshwi. Inalipa ada ya taka ya vibanda vyetu kwa pamoja, inanunua mafagio ya chelewa, glovu na viroba, na inamsaidia mwanachama akiugua maradhi ya tumbo.

Mzoa taka aliyekuwa na mtaa wetu wakati ule, jina tunaliacha, alikuwa anakuja siku akipenda. Tulimwita kikaoni, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na bwana afya wakiwepo. Hatukumtukana. Tulimwonyesha daftari letu: tarehe aliyokuja, tarehe asiyokuja. Naye akatuonyesha lake: nani amelipa, nani hajalipa. Madaftari mawili yakawekwa pamoja mezani, na kelele zikaisha. Tulikubaliana siku mbili za wiki na saa ya asubuhi. Tulikubaliana mama wawili kwa zamu watembee naye wakati wa kudai ada, na kila anayelipa apewe risiti. Walipaji wakaongezeka, gari likaja kwa wakati. Alipoondoka akaja mwingine, naye tulimwanzia kwa daftari lile lile.

Hatukugundua jambo jipya. Ni utaratibu wa kisanduku tu, umepelekwa barabarani. Tunajua nani anatoa, nani anafanya, nani anakagua, na hesabu inasomwa wazi.

Jambo la pili tulilofanya ni kutenganisha. Zaidi ya nusu ya taka za mji wetu ni za kuoza: maganda, majani, mabaki ya chakula. Sokoni ndiyo usiseme. Kwa hiyo tuliweka ndoo tatu. Ya kwanza ni ya kuoza: maganda ya ndizi na ya viazi na majani ya kabichi huchukuliwa na wafugaji. Ya pili ni ya kuuza: chupa za plastiki, makopo na maboksi, hawa vijana waokota chupa wanapita kununua. Ya tatu ni ya gari. Ndoo ya tatu imekuwa ndogo. Kwa wasioamini, waende kata ya Bonyokwa huko huko Ilala, ambako shirika la Nipe Fagio pamoja na wazoa taka wa pale wameonyesha kwamba mtaa mzima unaweza kutenganisha taka nyumba kwa nyumba. Taka za kuoza zikiwa mbolea au chakula cha mifugo, harufu inapungua, nzi wanapungua na safari za Pugu zinapungua.

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Zanzibar walitutangulia toka 2006. Tulinung'unika, jamani, mteja atabebea nini? Lakini tukarudi kwenye kapu la ukindu la mama zetu na mifuko ya kitambaa, na wenzetu wanaojua kushona wakapata kazi. Mitaro ya rambo tuliyoizoea ikapumua. Siku hizi vipo vifuko vyembamba vya kufungia karanga na ubuyu vinarudi kwa mlango wa nyuma. Tusivifumbie macho.

Soko letu la Kariakoo tulilolijua toka 1975, lile lenye paa la miavuli alilolichora msanifu Beda Amuli, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Baadhi yetu walikuwa na mizigo Shimoni na wakapoteza mtaji. Mwezi Oktoba mwaka huo machinga wakaondolewa kandokando ya barabara. Wanachama wakatawanyika, wengine Feri, wengine Kisutu, wengine mbali zaidi. Mfuko wa Usafi ukapungua. Lakini haukufa, na tunawashukuru walioendelea kutuma mchango wao kwa simu kila wiki bila kukumbushwa.

HOJA ILIYOPO MEZANI

Wanaotaka mfuko uvunjwe wana sababu zao na tunaziheshimu. Wanasema kwanza, tunalipa kodi na ushuru, usafi ni kazi ya jiji. Pili, tunafagia sisi, wanafaidi hata wasiochangia. Tatu, maisha ni magumu, shilingi 500 ni mboga.

Kwa la kwanza tunasema, ni kweli jiji lina wajibu, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka wajibu huo kwa serikali za mitaa. Tuendelee kudai. Watu wa Tabata walidai mpaka wakashinda. Lakini anayedai lazima awe na daftari mkononi, na daftari letu linatunzwa na mfuko huu. Kudai bila kumbukumbu ni kupiga soga.

Kwa la pili, ni kweli wapo wanaopanda gari letu bila nauli. Mji wa Moshi umesifiwa kwa usafi miaka mingi. Pale sheria ya kutotupa taka ovyo inasimamiwa, na mtu akitupa ganda jirani yake anamwambia okota. Aibu ile ndiyo ulinzi. Sisi tumshawishi asiyechangia, akikataa tumpeleke kwa serikali ya mtaa. Lakini tukiacha kwa sababu yake, tutakuwa tumemfanya yeye ndiye mwenyekiti wetu.

Kwa la tatu, tukumbuke mwaka 2015. Wiki chache za meko kuzimwa ziligharimu mtaji wa mtu mzima. Tukumbuke pia mafuriko ya Desemba 2011, ambayo yalikuwa makubwa kuliko yote toka 1954. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha jijini. Wenzetu wa bonde la Msimbazi na Jangwani, hatua chache tu kutoka Kariakoo, walipoteza nyumba, na wengi wakahamishiwa Mabwepande. Mvua ni ya Mungu, na bonde ni la maji toka zamani. Lakini mto uliojaa taka hauna pa kupitisha maji, unayarudisha kwa watu. Shilingi 500 ni mboga, ndiyo. Mafuriko huondoka na mboga, sufuria na jiko.

Kwa hiyo uongozi unapendekeza mfuko ubaki, ila urekebishwe. Mwenye hali ngumu asilipe fedha, atoe zamu mbili za kufagia. Hesabu ya mfuko ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kila mwezi, hata asiye mwanachama aisome. Na kabla ya masika na kabla ya vuli tuzibue mitaro yetu wenyewe, na matope yake yazolewe siku ile ile, yasiachwe ukingoni. Uamuzi ni wenu.

SHUKRANI

Tunawashukuru wenyeviti wa serikali za mitaa, mabwana na mabibi afya, wazoa taka wanaoamka alfajiri sisi tukiwa tumelala, waume zetu wanaosukuma toroli siku ya zamu bila kuona haya, na nyote mliochangia kitabu hiki. Wazoa taka hasa tunawaomba radhi kwa majina mabaya ambayo mji huu umewaita. Bila wao hatukai hapa hata wiki mbili.

Kwa vijana wetu tunawaachia ombi. Wakoloni waliutumia usafi kututenga. Nyinyi utumieni kutuunganisha. Msingoje kampeni, msingoje mgeni wa heshima. Anzeni na ndoo tatu jikoni na daftari moja mtaani.

Mkutano mkuu ni Jumamosi baada ya rejesho, mahali pale pale. Kila mwanachama aje na kitabu chake cha hisa. Na kwa kuwa ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, aje na fagio pia.

Mwenyekiti,
kwa niaba ya wanachama wote, Magogoni, Dar es Salaam